Daftari la Mpima Macho

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Leo kuna karatasi kwenye mlango wa duka langu, na si mimi niliyeibandika. Mkaguzi alifika saa nne asubuhi, mtu wa makamo, mpole, akanisalimia vizuri kabisa, kisha akauliza leseni yangu iko wapi. Nikamwonyesha ile iliyoko ukutani. Akasema hiyo ni ya kuuza miwani, ya kupima macho iko wapi? Nikacheka, nikidhani ananitania.

Kumbe hana utani. Ameandika kwamba kuanzia leo nisipime jicho la mtu mpaka Baraza lenu la Wapima Macho liniandikishe. Nimepewa siku sitini za kupeleka maombi. Fremu niuze, lenzi nikate, lakini kile kiti cha kupimia kikae kitupu.

Wewe unalijua duka hili kuliko mkaguzi yeyote. Baba yako alipofariki, dada yangu alikuwa akikuleta hapa kila mchana, unafanya kazi za shule chini ya ubao wa herufi. Uliujua ubao ule wote kwa moyo, ukawa unawanong'oneza wateja majibu, mpaka siku moja nikamwambia mwanamke mmoja macho yake hayana tatizo, akatoka akagonga mlango. Nilikufukuza nje siku hiyo. Nikikumbuka nacheka mpaka leo.

Miaka thelathini na moja, mpwa. Aliyenifundisha aliniachia sanduku la lenzi za kupimia na neno moja: usiharakishe. Na sijaharakisha.

Nasikia hiyo sheria mpya ina kifungu cha wakongwe. Kwamba aliyepima macho zaidi ya miaka kumi na tano anaweza kupata leseni bila kurudi chuoni, akitoa maelezo yake na kufanya mtihani mfupi. Wewe uko ofisi ya usajili hapo hapo. Sikuombi uniibie kitu. Nakuomba tu faili langu lisilaliwe na mafaili mengine.

Mama yako hajambo, anakusalimu.

Mjomba wako


Tarehe 11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Najua ulitaka nikupigie simu. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu siku moja mtu anaweza kuniuliza nilikuambia nini, na nataka jibu liwe kwenye karatasi, nakala moja kwako na moja kwangu.

Siwezi kugusa faili lako. Jana nilikwenda kwa Msajili, nikamwambia miongoni mwa waombaji kuna mjomba wangu aliyenilea. Akaandika, nikatia sahihi. Faili lako amepewa mtahini mwingine, mama mmoja ambaye ofisini tunamwita Rula, kwa kuwa hajawahi kupinda. Usiogope. Hapindi upande wowote, hata ule wa kukuonea.

Unachotakiwa ni hiki. Andika jinsi ulivyojifunza kazi na nani alikufundisha. Tuma daftari la wateja la miaka mitano iliyopita, lenyewe, si nakala uliyoisafisha. Kisha tarehe 10 Aprili utakuja mjini kufanya mtihani wa vitendo mbele ya watahini wawili.

Na tafadhali, mjomba, katikati hapo usimpime mtu. Hata jirani. Hata Mama.

Nikimtaja Mama: nimemwandikia barua tatu, sijapata jibu hata moja. Nikimpigia simu anasema "niko salama, mwanangu," halafu anampa jirani simu aongee nami habari za mvua. Amenikasirikia? Kama kuna kosa nimefanya, niambie wewe, maana yeye hasemi.

Mpwa wako


Tarehe 20 Februari

Mpwa wangu,

Karatasi za Baraza zimefika. Zinaniita "mwombaji". Nimelisoma neno hilo mara tatu, mara ya tatu bila miwani, likabaki vilevile. Mimi niliyeuvalisha nusu ya mtaa huu miwani, leo ni mwombaji.

Lakini nimetii. Daftari nimelifunga kwa karatasi ya kaki na kulituma kwa posta. Mwambie huyo Rula wako asishangae kutoona majina. Mimi huandika watu kwa kazi zao, Mwenye Duka la Viatu, Mwalimu wa Hesabu, Fundi Saa, kwa sababu jina la mtu nitalisahau lakini anachokitazama kutwa nzima ndicho kinachonihusu. Fundi saa na mkulima wanaweza kuwa na macho ya aina moja, ila miwani yao si moja.

Nitakuambia kinachoniuma. Wiki hii wamekuja watu tisa. Mmoja ni bibi aliyetembea kutoka mbali, miwani yake imevunjika, anataka apimwe upya. Nikamwambia siruhusiwi. Akaniuliza, "Umefanya nini, baba?" Kama vile nimetoka jela. Nikamwelekeza hospitali ya wilaya. Akasema, "Huko si wanapanga foleni tangu alfajiri?" Nikamjibu ndiyo, wanapanga.

Mkaguzi aliniuliza kama nina mashine ya kupima presha ya jicho. Sina, na yule aliyenifundisha hakuwa nayo. Katika miaka yote hii hakuna mtu aliyerudi kuniambia, wewe umeniharibia jicho.

Mama yako hajakukasirikia. Ana mambo yake tu. Mwache.

Mjomba wako, mwombaji


Tarehe 27 Februari

Mwanangu mpenzi,

Usicheke maandishi yangu makubwa. Kalamu hii ina wino mzito, na karatasi haina mistari, ndiyo maana sentensi zinateremka kama zinakwenda sokoni.

Nimesikia mjomba wako ana kesi na ofisi yenu. Mwanangu, mimi sijasoma sheria, lakini nakuuliza kitu kimoja: ulipokuwa huna baba, nani alikukalisha kitini? Sasa na wewe mkalishe. Sisemi uvunje sheria. Sheria ina nafasi yake na mtu ana nafasi yake, na wewe uko hapo katikati, una akili, utaona njia.

Nasikia unalalamika kwamba sikuandikii. Sasa si ninaandika? Mimi mzima. Juzi nilijigonga kwenye mlango wa kabati, kuna mtu aliuacha wazi, na mtu mwenyewe ni mimi, kwa hiyo sina wa kumgombeza. Mkono umevimba kidogo, umeshapona. Kusoma nimepumzika. Vitabu vyenyewe siku hizi wanachapisha kwa wino hafifu.

Ukipanga kuja usije ghafla kama ulivyozoea. Niambie kwanza niweke nyumba sawa.

Mama yako


Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Jana Rula alinifuata kantini wakati wa chakula. Akaketi bila kuagiza kitu. Akasema, "Sheria hainiruhusu kukuonyesha faili la mjomba wako. Lakini hainikatazi kumtafuta mgonjwa. Katika daftari lake kuna mtu anaitwa Dada. Ni nani?"

Nikamwambia ni mama yangu.

Akaniuliza kama anaona. Nikasema anaona, wiki mbili zilizopita ameniandikia barua. Akaniomba nimweleze barua ilivyokuwa. Nikaanza kumweleza, herufi kubwa, sentensi zinazoteremka, mlango wa kabati, wino hafifu, na kabla sijafika mwisho nikajisikia mwenyewe ninachokisema. Rula alichukua kalamu akaninakilia mistari minne kutoka daftari lako, akisema hiyo ni ya mgonjwa na mwanawe ana haki ya kuijua, na mimi nakurudishia kama alivyoiandika.

Aprili mwaka juzi: "Dada. Herufi ndogo zinamcheza. Nimeongeza nguvu kidogo."

Oktoba mwaka juzi: "Dada. Anasema miwani imechoka. Ubao anausoma mpaka mstari wa mwisho. Nimembadilishia lenzi hata hivyo."

Mei mwaka jana: "Dada. Anagonga vitu upande wa kushoto. Ubao anausoma wote. Huenda fremu ni nene, inamziba pembeni. Nimempa fremu nyembamba."

Novemba mwaka jana: "Dada. Vilevile."

Rula amenieleza kwamba presha ya jicho huanza kula pembeni. Katikati hubaki safi, kwa hiyo mtu anausoma ubao wako wote huku anaingia gizani. Anasema mistari mitatu ya kwanza ni ya mtu asiyejua. Mstari wa nne ndio uliomnyima usingizi. Mimi pia. Nimekua nikisoma madaftari yako, mjomba. Fundi saa akikohoa wewe unaandika. Wewe huandiki neno moja.

Kabla hujajibu, kuna jambo nilikuficha. Kifungu cha wakongwe kiliingia kwa mdomo wangu. Rasimu ya kwanza ilitaka wapimaji wote wasio na cheti wafunge. Mimi nilikuwa karani tu wa kuandika kumbukumbu za kikao, lakini niliinua mkono. Nikawaambia kuna watu wamefanya kazi hii miaka thelathini kwa uaminifu, wazee wanawaamini, vijijini hakuna mwingine. Nilikuwa ninakueleza wewe, bila kukutaja. Wakakubali. Yaani mlango unaotaka kupita niliufungua mimi, na sikuuliza hata mara moja wanaopita wamebeba nini.

Kwa hiyo sikuulizi kama mtu msafi. Nakuuliza tu. Novemba uliona nini? Ulimwambia? Nijibu kama mpima macho. Ujomba tutauzungumza siku nyingine.

Nimeomba ruhusa. Jumanne nakuja kumpeleka Mama hospitali, na simwambii kwanza.

Mimi


Tarehe 17 Machi

Mpwa wangu,

Hii utaikuta mezani kwa mama yako ukifika. Nimeandika kwa sababu ana kwa ana nitajitetea, najijua.

Novemba alikuja dukani akaingia na bega. Nimesema na bega, kwa sababu fremu ya mlango aliigonga kwa bega la kushoto kama mtu anayepita kwenye umati, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamkalisha. Ubao akausoma wote. Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja, nikaleta kidole changu kutoka pembeni polepole, nikamwambia aseme akikiona. Kidole kilikuja, kikaja, kikafika mbele ya pua. Hapo ndipo akasema, "Hicho."

Nikafunika la kushoto. La kulia lilikiona mapema kidogo, lakini si mapema ya kutosha.

Nilijua, mpwa. Sikujua jina la ugonjwa kama mnavyolijua nyinyi, lakini nilijua hili si la miwani. Nikakumbuka mama yetu alivyozeeka akishika ukuta. Nikamwambia dada, nenda hospitali. Akanitazama, akasema, "Na wakiniuliza nani alikuwa akinipima?" Redio ilikuwa imetangaza sheria yenu tangu Agosti, sote tulikuwa tumeisikia, hata mimi niliyekuandikia kwamba nilidhani mkaguzi ananitania.

Nilipaswa kumjibu, waambie ni mimi. Maneno matatu. Hayakutoka. Nikamwambia, "Basi tusubiri kidogo, nipate kwanza hiyo leseni." Akasema sawa, kaka. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata yeye hajui. Alipokubali, nilifurahi. Si kwamba niliridhika, nilifurahi, nilisikia mwili umekuwa mwepesi. Baadaye nikafungua daftari niandike nilichokiona, kalamu ikakataa, nikaandika lile neno.

Usiseme mjomba alikuwa hana mashine. Siku ile kidole kilitosha.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni jirani, mimi ninasema tu. Nimemwambia aandike kila neno, asinipambie.

Tangu urudi kazini nimekwenda kliniki mara mbili. Daktari amenieleza tena taratibu, maana siku ile nilikuwa ninasikia mlio tu masikioni. Jicho la kushoto limekwenda, na lilikwenda zamani, halirudi. La kulia limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nina dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yangu yote, na huenda wakanipasua kidogo ili maji ya jicho yapate njia. Nilimuuliza, ningekuja Novemba? Hakutaka kusema. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema ningekuwa na nafasi kubwa zaidi katika hilo la kulia.

Basi nimeyajua, na nimeyalia, na sasa nataka uyasikie na ya kwangu.

Mjomba wako amenisomea mwenyewe ile barua aliyokuandikia. Amekaa hapa ukumbini akasoma mpaka mwisho, mpaka pale pa kufurahi. Nilimwambia atoke. Siku nne sikumfungulia mlango. Siku ya tano nilimfungulia kwa sababu nilikuwa nimemwaga dawa na sikuweza kuiona ilipoanguka.

Lakini usimshtaki peke yake. Mimi si gunia alilolibeba akaliangusha. Nilijiambia, jicho moja linamtosha mwanamke asiyeshona. Nilijiambia, nikienda hospitali kaka yangu anafungiwa, na aliponiambia tusubiri nilikuwa nimeshaamua kusubiri. Na wewe nilikuficha kwa sababu ningekuambia ungekuja siku hiyo hiyo. Nilikuwa ninalinda duka, ninalinda kazi yako, ninalinda kila kitu isipokuwa kile nilichopewa na Mungu nikilinde.

Wewe unaniuliza kwenye simu kama nimemsamehe. Sijui. Anakuja asubuhi kunitilia matone, mikono yake haitetemeki, jicho analishika vizuri. Akimaliza ananiuliza kama yamewasha. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Kwa sasa yanatosha.

Daktari amesema ni ugonjwa wa ukoo. Nenda ukapimwe. Usinijibu barua hii kabla hujapimwa.

Mama yako
(na jirani, ambaye ameandika huku akijifuta machozi, na hakutumwa kulisema hilo)


Tarehe 8 Aprili

Kwa Msajili,
Baraza la Wapima Macho.

Ndugu Msajili,

YAH: KUONDOA MAOMBI YA LESENI

Mimi ndiye mwombaji niliyetakiwa kufika mbele ya watahini tarehe 10 mwezi huu kwa kifungu cha wakongwe. Sitafika. Naondoa maombi yangu, na sababu naitoa mwenyewe: Novemba mwaka jana nilimpima mtu, nikaona dalili za ugonjwa usiokuwa wa miwani, sikumtuma hospitali. Mtu huyo ni dada yangu. Amepoteza sehemu ya uoni ambayo huenda ingeokolewa.

Wiki iliyopita na mimi nilipimwa, kwa kuwa ugonjwa huu ni wa ukoo. Aliyenipima ana umri wa kuwa mjukuu wangu na ana leseni yenu. Alinikalisha mbele ya mashine, akaniambia nisipepese, mashine ikapuliza jicho pumzi moja. Nikamuuliza anaanza lini. Akasema ameshamaliza. Macho yangu ni mazima. Ndugu Msajili, ni pumzi moja tu, na kwa miaka thelathini na moja sikuwa nayo, wala sikuitafuta, kwa sababu niliona ubao wangu unatosha.

Naomba mambo mawili. La kwanza, nikifaa, niandikishwe kuwa fundi wa miwani: nikate lenzi na kufunga fremu kwa vipimo vilivyoandikwa na mwenye leseni, nisipime mimi. Hata mkikataa hili, la pili msilikatae. Mtahini wenu amenirudishia daftari langu akiwa ameweka alama kwenye watu wanane ambao niliyoyaandika juu yao yanafanana na ya dada yangu. Nimefungua madaftari ya zamani, yale msiyoyataka, nikapata sita zaidi. Orodha naiambatanisha, pamoja na mitaa wanayoishi. Mimi ninawajua kwa sura. Niruhusuni niwafuate mwenyewe.

Wenu,
Mwenye duka la miwani


Tarehe 26 Aprili

Mjomba,

Barua rasmi utaipata, lakini nimeomba nikuambie kabla. Maombi ya leseni ya kupima yamefungwa, na sababu yako imeandikwa kwenye rejesta kama ulivyoitoa. Ufundi wa miwani umekubaliwa kwa masharti: kozi ya miezi mitatu, na ukaguzi wa duka kila baada ya miezi sita. Utakaa darasani na watoto wa watu. Jitahidi usiwanong'oneze majibu.

Kuhusu wale kumi na wanne, Msajili alisoma orodha yako mbele ya kikao kizima. Mmoja akasema watumiwe barua. Rula akauliza, "Mtu asiyeona, barua ataisomaje?" Hapo wakakubali uende mwenyewe, na hospitali ya wilaya imeagizwa iwapokee bila foleni.

Kifungu cha wakongwe hakijafutwa, ila kimebadilishwa. Hakuna mkongwe atakayepewa leseni kabla hajafundishwa kupima presha ya jicho na kabla madaftari yake hayajapitiwa. Safari hii nilipoinua mkono nilitaja mfano wangu kwa ukamilifu, nikasema ni wa mjomba wangu na mama yangu.

Nimepimwa. Niko salama, nitapimwa kila mwaka.

Umeona barua zangu mbili hizi hazikuanza na shikamoo. Sikusahau. Kila nikiliandika neno lile mkono unasimama, na sitaki kukuandikia kitu cha uongo. Nitakapoliandika utajua ni la kweli. Kwa sasa nina hasira na wewe asubuhi, na nakukumbuka mchana, na jioni nampigia Mama aniambie kama umefika kumtilia matone. Kila siku anasema umefika.

Mpwa wako


Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Nimemaliza milango yote kumi na minne, nakupa habari yake.

Tisa wamekwenda hospitali. Kati yao watatu walikutwa hawana kitu, ilikuwa hofu yangu tu, na mmoja wao, mpishi wa shule, amenirudia dukani kunitukana kwa kumnyima usingizi siku tano. Nilimsikiliza kwa furaha. Sita wameanzishiwa matone. Daktari anasema wanne kati ya hao wamewahi vizuri. Wawili walishahama, nimeacha ujumbe kwa ndugu zao. Mmoja alifariki mwaka jana, kwa maradhi mengine. Nilikaa na mjane wake kidogo, sikumwambia kilichonileta, na sijui kama nilifanya sawa. Mmoja alinifungia mlango. Nikarudi mara ya pili, akanifungia tena. Mara ya tatu alitoka mwanawe, akaipokea karatasi ya hospitali.

Hao ni kumi na watatu. Huyu mmoja nilitaka nisikuandikie.

Alikuwa dereva wa lori. Nilimpima miaka sita iliyopita, mara tatu, na mara zote tatu nilimpa miwani. Nilimkuta amekaa sebuleni, uso ameuelekeza kwenye redio. Haoni kabisa. Mkewe alinitambua kabla sijajitaja, akamwambia, "Ni yule wa miwani." Yeye akageuza sikio, akatabasamu, akasema, "Umechelewa, fundi. Au umekuja kunipima?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimekuja kukuambia kwamba nilikupima vibaya. Ulikuwa mgonjwa, nikakupa miwani. Ungetumwa hospitali mapema, pengine ungekuwa unaona."

Mkewe aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika. Akaniambia nitoke nyumbani kwake. Nikainuka. Mumewe akasema, "Mwache amalize."

Nikamaliza. Nikasema yote, na ya dada yangu. Vidole vyake vikatembea juu ya goti. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni uzee. Nikawa namkaripia huyu mama kwamba anahamisha vitu." Mkewe akatoka pale sebuleni. Tukamsikia akilia kule nyuma.

"Tuko wangapi kwenye orodha yako?" akaniuliza.

"Kumi na wanne."

"Mimi wa ngapi?"

"Wa nne."

Akanyoosha mkono akaitafuta redio, akaizima.

"Sasa unakaa hapa unafanya nini?" akasema. "Nenda kwa wa tano."

Nikaenda.

Mjomba wako